Mtaja Kona

Pale uani kila mtu alimwita Sindano, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Banda lake lilikuwa mwisho kabisa wa ua wa gereji ya kaka yake, na ndani mlikuwa na cherehani nzito ya kushonea ngozi, vipande vya sponji vilivyofika hadi darini, na kiti kimoja cha gari kilichong'olewa ambacho wageni walikaribishwa kukikalia kana kwamba wako sebuleni. Mteja aliyeleta kiti kilichochanika kama kimegombaniwa na mbwa, siku ya kukichukua alikipapasa huku na huku asiamini ni chake.

Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Iliyompa sifa ni nyingine. Kaka yake alikuwa dereva wa mbio za magari za mlimani, na Sindano ndiye aliyekaa kiti cha pili na kumtajia kona. Anayepanda mlima kwa kasi haoni kilicho nyuma ya mwamba. Lazima awe na mtu pembeni anayejua kwamba baada ya mwamba kuna kona kali ya kulia, kisha bonde dogo, kisha kushoto ndefu inayojibana mwishoni. Sindano alizikariri zote, na alizitaja kwa sauti moja kavu, kama fundi anayesoma vipimo vya suruali.

"Kulia kali. Usikate ndani. Bonde. Kushoto ndefu, inabana, inabana."

Watu walikuwa wakisema yule dada hana moyo wa nyama. Hawakujua lolote.

Msimu uliotangulia, gari lao lilikosa kona moja na kubingirika hadi kwenye majani. Lilitua likiwa limelala ubavu. Hakuna aliyeumia. Kaka yake alitokea dirishani akicheka, na kwa kuwa watu walikuwa wanawakimbilia na kuwatazama, Sindano naye akacheka. Lakini zile sekunde chache alizoning'inia kwenye mkanda, kichwa chini, mafuta yakidondoka mahali asipopaona, hazikumtoka. Tangu hapo kila alipofunga mkanda wa gari la mbio alizirudia sekunde zile. Alijikaza kisabuni, akataja kona zake kwa sauti ile ile, akashuka, akaenda nyuma ya banda mahali pasipo na watu na kushika ukuta mpaka miguu ikubali kumbeba.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Kaka yake ndiye aliyemlea baada ya wazazi kuondoka duniani. Alimpikia, alimsuka nywele vibaya, alimpeleka shule mkono kwa mkono. Ndani ya nyumba alikuwa mkubwa wake siku zote. Ndani ya gari tu ndiko walikokuwa sawasawa, na hata zaidi, maana ndani ya gari kaka ndiye aliyemsikiliza mdogo wake. Sindano aliona akisema "naogopa" atakuwa amekivunja kitu kisichoungika tena.

Kaka huyo walimwita Moshi, na si kwa kuvuta sigara. Alikuwa mgonjwa wa injini za dizeli. Kwake dizeli ilikuwa dini na shule, na gari lake lilipoondoka uani, nguo zilizoanikwa jirani zilihitaji kufuliwa upya. Mpinzani wake mkubwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mke wake, fundi umeme wa magari aliyejulikana kama Waya. Huyu alikuwa amelinunua gari la haibridi lililogongwa, lenye injini ya petroli na mota ya umeme ndani ya mwili mmoja, akalinyoosha, akalipunguza uzito, akalifanya gari la mbio. Alilipenda kama mtoto aliyeokotwa.

Gari la zamani la timu, la dizeli, lilikuwa limechoka, na ilibidi kuamua la msimu mpya litaendeshwa na nguvu gani. Basi kila jioni, kazi zikiisha, ua uligeuka bunge. Alikuwapo fundi rangi wa gereji, alikuwapo mwalimu wa fizikia wa shule ya jirani, na walikuwapo wengine waliokuja kusikiliza tu, maana hakuna redio iliyowafikia wale mashemeji wawili.

"Gari la mbio lisilonguruma," Moshi alianza, "ni friji yenye magurudumu."

"Na lako ni jiko la kuni lenye usukani," Waya akajibu bila kuinua kichwa.

"Jiko hilo lina nguvu ya kuvuta nyumba, shemeji. Dizeli haihitaji kupigiwa kelele. Unaigusa tu kidogo, inakubeba. Halafu inadumu. Hiyo betri yako ikizeeka utaifanyia nini, utaipeleka kijijini ikapumzike?"

Watu wakaangua kicheko. Waya alisubiri kitulie.

"Nguvu unayo, sikatai. Lakini mpaka hiyo tabo yako iamke, inyooshe mikono, ipige miayo, ianze kusukuma hewa kwenye injini, mwenzio yuko kona ya pili. Mota ya umeme haisubiri. Ukikanyaga, umeshaondoka."

"Mpaka ichemke," Moshi alisema. "Mlima ule ni mrefu. Betri inamwaga umeme wote kwa mkupuo, nusu ya njia imechoka. Hapo unabeba mzigo wa betri usiokusaidia kitu. Ni kama kumbeba mgongoni mtu aliyelala."

Mwalimu aliona afadhali aingilie. Alisema viwanda vikubwa vinaikimbia dizeli kwa sababu ya moshi wake, na kwamba gari la kasi la kesho huenda likawa na vyote, mafuta na umeme, kila kimoja kikiziba pengo la mwenzake. Fundi rangi akasema yeye hana elimu hiyo, ila anachojua ni kwamba kila gari jeupe alilopaka karibu na injini ya Moshi lilitoka la kijivu.

Ndipo mmoja wa wasikilizaji akauliza, "Na Sindano je? Yeye anataka lipi?"

"Sindano?" Moshi alicheka kwa fahari. "Huyo mpe hata mkokoteni. Atakaa, atataja kona."

Wote wakacheka, na Sindano kule bandani akacheka nao. Alipotazama chini ya cherehani aliona mshono umekwenda upogo, umetoka kwenye mstari kama njia ya mlevi. Akazima mashine, akaanza kuufumua taratibu.

Mwisho walikubaliana kuacha maneno. Jumamosi asubuhi magari yote mawili, haibridi ya Waya na dizeli aliyoiandaa Moshi, yangepelekwa kwenye barabara ya machimbo ya kokoto yaliyofungwa, yapande moja baada ya jingine, kila dereva na gari lake, na mtaja kona yule yule ili pasiwe na kisingizio. Hakuna aliyemuuliza mtaja kona.

Asubuhi hiyo wifi yake, mke wa Moshi, aliwafungulia geti. Yeye hakuwa mtu wa kwenda kwenye mbio. Siku zote alikuwa na nguo za kufua, au kichwa kilimuuma, au alimngoja mgeni asiyefika. Alimshika Sindano mkono kabla hajapanda gari.

"Umelala, wifi?"

"Nimelala."

"Macho yako hayasemi hivyo."

"Ni vumbi la sponji," Sindano alijibu, akaingia.

Machimbo yalikuwa yameung'ata mlima upande mmoja mpaka ukabaki ukuta, na barabara ilipanda kwa kuuzunguka. Kulia ni mwamba. Kushoto, baada ya mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa zamani, hakuna kitu, mpaka chini kabisa kwenye maji ya kijani yaliyotuama.

Walianza na la Waya. Sindano alikuwa amejiandaa kwa mngurumo, na mngurumo haukuja. Gari liliondoka kimyakimya likamgandamiza kwenye kiti. Hakuwahi kufikiri kimya kinaweza kutisha hivyo. Kwenye dizeli kelele zilimfunika. Hapa alisikia kila jiwe likigonga chini ya miguu yake, alisikia mkanda ukilia begani, alisikia pumzi zake mwenyewe zikimtoka kwa vipande vipande. Kisha injini ya petroli iliamka ghafla nyuma ya dashibodi, roho ikamruka.

"Kulia kali," alitaja. "Mawe njiani. Kushoto fupi."

Sauti yake ilitoka kavu kama kawaida. Ilimshangaza yeye mwenyewe, kana kwamba kuna mtu mwingine kakaa shingoni mwake anayesoma.

Zilikwenda kona nyingi vizuri, na kwa kasi ambayo Moshi hangeipata. Halafu, mlima ulipokaza, taa ya njano yenye picha ya kobe ikawaka mbele ya Waya. Betri ilikuwa imechemka, gari limeamua kujihurumia. Nguvu zikakatika. Walifika juu wakijikokota, na simu ya Waya ikaita kabla hata hajavuta breki ya mkono. Alikuwa Moshi, akiwa chini na darubini. Alicheka tu, akakata.

"Betri imekosa upepo wa kuipoza," Waya alisema kwa uchungu. "Nitatoboa tundu la hewa. Shemeji, mbona umekunja ngumi?"

Sindano alizitazama ngumi zake na kuzikunjua. "Baridi," alisema. Jua lilikuwa linawaka.

Walishuka. Akahamia gari la kaka yake. Alitaka kusema kitu wakati anafunga mkanda, mdomo ulifunguka kabisa, lakini Moshi alikuwa anapigapiga usukani kwa furaha kama mtoto aliyeahidiwa baiskeli. Akameza maneno.

Dizeli ilipanda kama iliyokula kiapo. Nzito, ikivuta bila kuombwa, moshi mweusi ukiwafuata. Walipita mahali kobe alipowaka na hakuna kilichopungua. Moshi alipiga mluzi. Mbele palikuwa na kipande cha tambarare, kama rafu iliyochongwa ubavuni mwa mlima, na mwisho wake kona ya kulia inayokaribia shimo kuliko zote.

"Tambarare fupi. Punguza. Kulia kali, kali sana."

Moshi aliondoa mguu kwenye mafuta. Gari halikupunguza.

Liliongeza. Injini ilipanda sauti yenyewe, hakuna aliyeikanyaga, na nyuma yao moshi ukageuka kutoka mweusi kuwa mweupe wenye ubuluu, mzito kama blanketi. Moshi akatazama miguu yake kana kwamba si yake. Akarudisha ufunguo nyuma. Injini ikaendelea. Wanaokaa na mafundi wa dizeli wamewahi kusikia habari hii, japo wengi hufa bila kuiona: tabo imepasuka ndani, inavujisha oili, na injini imeanza kuinywa oili yake yenyewe. Haihitaji tena mafuta wala ufunguo wala dereva. Itazunguka mpaka ipasuke.

Moshi alikanyaga breki na klachi pamoja. Matairi yalikwaruza kokoto, gari likapunguza mwendo, lakini injini iliyoachiwa huru ilipiga yowe ambalo Sindano hakuwahi kulisikia kwenye chuma chochote. Dashibodi ilitetemeka mpaka maandishi yakapotea. Joto lilimpanda kwenye vifundo vya miguu. Aliyaona mawe ya chokaa, aliyaona maji ya kijani, na akamgeukia kaka yake.

Moshi alikuwa amekufa ganzi. Mdomo wazi, mikono kwenye usukani, macho yametulia mbele kama ya samaki sokoni. Yule mtu aliyekesha akiitetea dizeli, aliyejua dawa ya kila ugonjwa wake, hakuwa na neno moja kichwani. Sindano aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na katikati ya woga huo alisikia sauti kavu ikitoka kinywani mwake.

"Gia ya tano."

Moshi hakusikia.

"Kaka. Gia ya tano. Usiachie breki."

Mkono wa kaka yake ukaenda kwenye gia wenyewe, kama ulivyokuwa ukienda miaka yote kwa sauti hiyo.

"Breki yote. Mpaka chini. Sasa achia klachi. Achia."

Aliachia, na gia kubwa ikaifunga injini kwenye magurudumu yaliyokamatwa na breki. Gari lilichupa mbele kama limepigwa teke, likang'ang'ana na breki zake, likatikisika kwa nguvu hata Sindano akajigonga kichwa kwenye mlango. Harufu ya klachi inayoungua ilijaa ndani. Injini ililalamika, ikashuka, ikapiga mara mbili kama mtu anayebisha hodi, ikafa.

Gari lilikuwa limesimama, tairi la mbele la kushoto likigusa jiwe la chokaa.

Sindano alifungua mkanda, akatoka kwa upande wa dereva akimpanda kaka yake magotini, maana mlango wake ulifungukia shimoni, akatembea mpaka kwenye mwamba na kukaa chini na mgongo ameubandika kwenye jiwe. Alitapika. Kisha akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtoto, bila kujificha na bila kujifuta.

Moshi alimfuata akiyumba. "Imekwisha," alisema. "Imezima. Umetuokoa, unasikia? Imekwisha."

"Haijaisha!" Sindano alimpigia kelele. "Naogopa, kaka. Nimeogopa tangu tulipopinduka. Kila siku. Kila nikikaa kwenye kile kiti nakufa, nafufuka, nakufa. Sikai tena. Sikai la dizeli, sikai la umeme, sikai hata mkokoteni!"

Moshi alichuchumaa mbele yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Alifikiri. "Sijui," alisema. "Labda ningecheka. Ndivyo ninavyofanya nikiogopa." Akajaribu kucheka hapo hapo, na uso wake ukamkatalia.

Waya alifika akihema, amepanda mlima wote kwa miguu kwa sababu gari lake halikutaka kuwaka tena. Aliangalia tairi lilivyogusa jiwe, akaangalia chini kwenye shimo. Alikuwa na kila haki ya kutoa hoja kuhusu dizeli siku hiyo, lakini hakuitoa. Alivua shati lake na kumfuta Sindano uso.

Mjadala ulirudi baada ya muda, kwa kuwa watu hao bila mjadala wangekauka. Ila Moshi hakuutetea tena upande wake kwa moyo. Injini ile ilifunguliwa, ikaonekana haifai hata kwa vipuri, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema msimu mpya waende na haibridi. Waya alitoboa tundu la hewa, akaiwekea betri feni zake, kobe akalala. Moshi ndiye angeshika usukani, na kwa kuwa kiti cha pili kilikuwa kitupu, Waya ndiye aliyekikalia. Sindano alimfundisha kona jioni baada ya jioni pale bandani, huku akimshonea mto wa kuegemeza kichwa. Hakuna aliyemsihi arudi. Fundi rangi alijaribu kutania mara moja, Moshi akamtazama, utani ukaishia hapo.

Siku ya mbio, Sindano alishangaa kumwona wifi yake amevaa na kujifunga kilemba, yuko getini.

"Nguo je?" alimuuliza.

"Zimekwisha. Nikae nyumbani nifue nini, mazulia?"

Walisimama pamoja chini ya mlima, kando ya kamba. Ndani ya gari lile moja mlikuwa na mume wa mwanamke huyu na mdogo wake wa tumbo moja. Gari liliondoka kimya, vumbi tu likaonyesha kwamba limeondoka. Kisha petroli ilisikika ikinguruma nyuma ya mwamba wa kwanza, kisha ikanyamaza.

Vidole vya wifi vilimkamata Sindano kifundo cha mkono.

"Mbona kimya?"

"Ni umeme. Hapo wanatumia betri."

"Una hakika?"

Sindano alifungua mdomo na akagundua hana hakika. Kimya cha betri na kimya cha shimo ni kimya kimoja ukiwa chini.

"Unajua kwa nini sikuwa nakuja?" wifi alisema, macho hayatoki mlimani. "Nilikuwa nasikia kutoka nyumbani. Lile jini lake la dizeli lilisikika mpaka jikoni. Nafua, nasikiliza. Likinguruma najua wazima, wote wawili. Mlipopinduka, nilisikia lilivyonyamaza. Nilikaa na sabuni mkononi mpaka mliporudi. Nyinyi mnabishana nguvu, mnabishana moshi. Mimi nilitaka tu kitu kinachosikika."

Miaka yote Sindano alidhani ni yeye peke yake. Alijikuta anataja kona kwa mnong'ono, moja baada ya nyingine, akikadiria walipo: kulia kali, bonde, kushoto ndefu. Wifi alimsikiliza kwa makini, akipumua anapopumua yeye. Petroli ilisikika tena, mbali, ndogo kama nyuki. Ikapotea. Sindano alifika kwenye kona ya mwisho, akaitaja, akanyamaza, na hapakuwa na kitu. Upepo. Mtoto wa mtu akililia maji.

Kisha kipaza sauti kikakoroma na kutangaza kwamba gari limevuka mstari juu, salama, na kwa muda mzuri.

Watu walipiga makofi. Wifi alikaa chini kwenye majani papo hapo, kama aliyekatwa nyuzi, bado kamshika Sindano mkono hata naye ikabidi akae. Simu ililia. Ni Moshi, akipiga kelele na Waya kwa pamoja, kila mmoja akisema ni yeye aliyeuleta muda huo mzuri. Sindano aliwasikiliza, akawapongeza kwa sauti kavu, akakata.

"Wanasemaje?" wifi aliuliza.

"Wazima. Wanashuka." Aliirudisha simu mfukoni. "Wanakuja kupoza betri. Mchana wanapanda tena."

Wifi alisogea karibu, bega kwa bega, na wote wawili wakageuza nyuso kuutazama mlima.